Kinachotupwa Picha Inapobanwa

Picha ya simu yenye pikseli milioni 12, ikihifadhiwa nukta kwa nukta, ingekula MB 36, maana kila pikseli huhitaji baiti 3: nyekundu, kijani na bluu. Ukifungua simu yako utaikuta picha hiyo ina MB 3 au 4 tu. Hizo nyingine zimekwenda wapi?

Mwaka 1972, Nasir Ahmed, mhandisi mzaliwa wa India aliyefundisha Chuo Kikuu cha Jimbo la Kansas, Marekani, aliomba fedha za kutafiti namna mpya ya kubana picha. Akanyimwa. Mmoja wa waliolipitia ombi lake aliona wazo lenyewe ni rahisi mno. Ahmed hakuliacha. Akiwa na mwanafunzi wake T. Natarajan na rafiki yake K. R. Rao, alilichapisha Januari 1974, na mwaka 1992 wazo hilo la kihesabu likawa moyo wa JPEG, aina ya faili ya kuhifadhi picha.

Katika JPEG, picha hukatwa miraba ya pikseli 8 kwa 8. Kisha kila mraba huelezwa upya: kwanza mwangaza wake wa jumla, halafu mabadiliko ya taratibu kama anga la jioni, mwisho mabadiliko ya ghafla, mfano unywele mmoja mmoja au nyuzi za khanga. Jicho la binadamu ni hodari kwa yale ya mwanzo na hafifu kwa haya ya mwisho. Tena hutambua zaidi tofauti za mwangaza kuliko za rangi. Basi programu hupunguza usahihi pale ambapo jicho halifiki. Kwangu hapo ndipo penye ustadi wote: waliobuni JPEG hawakupima picha peke yake, walimpima na mtazamaji.

Programu nyingi za kuhariri hutoa kipimo cha ubora hadi 100. Shuka hadi 85 hivi, na faili litapungua sana bila wengi kuona tofauti. Ukiteremka chini ya 50, unaokoa kidogo na kupoteza kingi: miraba hujitokeza mashavuni na angani, na herufi huzungukwa na madoa. Herufi huumia zaidi kwa sababu ukingo wake ni badiliko la ghafla. Ndiyo maana cheti kikitumwa WhatsApp kama picha ya kawaida, namba zake huweza kufika hazisomeki. Kitume kama dokumenti, kitafika kilivyo. Picha ya skrini nayo ihifadhi kwa PNG, ambayo haitupi kitu.

Kilichotupwa hakirudi, na kila JPEG inapohaririwa na kuhifadhiwa upya hupoteza tena. Kwa hiyo bana nakala ya kutuma, asili iache. Na kama picha pekee ya bibi yako uliyonayo ni ile ya kwenye kundi la familia, mtafute leo aliyeipiga akutumie faili la asili, kabla hajabadilisha simu.