Ndoo ya Mama

Ndugu zangu wa Louisville, Columbus na Buffalo, wengi wenu mliokuja Columbus kwenye arusi ya mpwa wangu mliiona ile ndoo. Ilikuwa mlangoni mwa choo cha chini ya nyumba, karibu na chumba cha Mama, imejaa maji hadi ukingoni, na Mama mwenyewe ameketi kando yake. Kila mgeni aliyeingia aliambiwa, "Mwanangu, ukimaliza mimina kwa nguvu, usimimine kidogo kidogo." Watu walicheka sana. Mimi nilihesabu ngazi. Beseni la kunawia la pale chini ni dogo, ndoo haiingii, kwa hiyo maji huchotwa jikoni na kuteremshwa ngazi kumi na mbili. Mama alikuwa amefanya hivyo tangu Pasaka bila kumwambia mtu.

Dada yangu alijua choo kina uvivu. Alikwisha kumwita fundi, naye alitazama dakika tano, akasema choo kizima king'olewe, akataja bei. Bei hiyo ilikaribia nauli aliyokuwa anawekewa Mama ili aende Kigoma kumwona dada yake mkubwa. Mama akasema, "Chukueni hizo hela mtengeneze choo. Dada yangu ataningoja." Dada yake wakati huo alikuwa na miaka themanini na mitatu.

Hapo ndipo nilipovua koti la arusi.

Lazima niseme ukweli: sisi tuliotoka kambi ya Mtabila mwaka 2007 tulijua choo cha shimo, na choo cha shimo hakina mnyororo wala boya. Tulipofika huku tulionyeshwa jinsi ya kubonyeza. Hakuna aliyetufunulia tangi. Mimi mambo haya nimeyajua kwa kufanya usafi katika majengo ya watu, Louisville, miaka sita.

Ndani ya bakuli la choo kuna njia iliyopinda, na maji yanayobaki pale huzuia harufu isirudi. Maji mengi yakiingia kwa mpigo, hujaza ile njia yote, ndipo huvuta kila kitu na kwenda nacho. Yakiingia polepole hupita tu, hata yakiwa mengi. Basi ndoo ya Mama ilikuwa imekwisha kutupa jibu, nasi tuliifanyia mzaha. Ikiwa ndoo ikimiminwa kwa nguvu choo kinavuta vizuri, bakuli ni zima na bomba la chini ni zima. Ugonjwa uko ndani ya tangi, au katika vitundu ambamo maji ya tangi huingilia bakuli. Kuking'oa hakuna maana.

Nilifunua tangi nikakuta tofali! Zamani watu wengi walitumbukiza tofali ili kubana maji. Lakini choo cha zamani cha galoni tatu na nusu kimeumbwa kwa galoni tatu na nusu, ukimnyima atakususia. Boya nalo lilikuwa limeshushwa mno, na mnyororo ulikuwa mrefu, kwa hiyo kile kifuniko cha mpira kilinyanyuka kidogo tu na kufunga kabla maji hayajaisha. Nilitoa tofali. Nikapandisha boya hadi maji yakasimama kama inchi moja chini ya mdomo wa bomba la maji ya ziada. Nikafupisha mnyororo, nikauachia ulegevu wa nusu inchi. Kifuniko kipya hakikufika hata dola kumi, ila pima kwanza tundu lake: kuna cha inchi mbili na cha inchi tatu, na kimoja hakikai mahali pa kingine.

Nguvu ilirudi nusu. Nikaweka kioo kidogo chini ya ukingo wa bakuli, nikaona vitundu vimezibwa na ukoko wa chokaa ya maji. Nilifunga koki, nikavuta maji yaliyobaki, kisha nikamimina siki vuguvugu ndani ya bomba la maji ya ziada, ilale humo usiku kucha. Dada alikuja mbio na chupa ya dawa ya kung'arishia nguo, kusaidia. Nilimpigia kelele mbele ya wageni, na hapa namwomba radhi, lakini dawa hiyo ikichanganyika na siki hutoa hewa ya sumu. Asubuhi nilichokonoa vitundu kwa waya. Mama akaja, akabonyeza, akasikiliza. Akabonyeza tena. Kisha akaenda kunywa chai.

Kwangu Louisville choo kilivuta vizuri, lakini usiku tangi lilikuwa likiimba, na bili ya maji ilipanda. Tia rangi ya chakula ndani ya tangi, ngoja robo saa bila kuvuta. Rangi ikionekana katika bakuli, mpira unavuja. Choo kinachovuja chaweza kupoteza galoni 200 kwa siku. Wangu ulikuwa umeliwa na vidonge vya klorini nilivyoviweka mwenyewe.

Buffalo ni habari nyingine. Nyumba ya kaka ni ya zamani sana, na pale ndoo yenyewe ilikataa: maji yalipanda yakasimama. Hapo usinunue mpira, tafuta waya mrefu wa kuzibulia. Ulitoa kitana cha mtoto. Lakini bakuli lilikuwa na ufa chini, na hilo halina dawa ila kubadilisha. Kaka alinunua jipya bila kupima. Kutoka ukutani hadi kwenye bolti vyoo vingi ni inchi 12. Chake ni inchi 10, akalirudisha dukani katika theluji. Hivi vipya, kwa sheria ya mwaka 1992 iliyoanza kazi Januari 1994, hutumia galoni 1.6 tu, nacho kinavuta, kwa kuwa bakuli lake limeumbwa kwa maji hayo. Tuliziba tundu la sakafuni kwa kitambaa ili hewa chafu isipande, tukaweka pete mpya ya nta, tukakaza bolti kidogo kidogo kila upande. Kisha tukavuta, na maji yakapanda. Kitambaa kilikuwa bado mle ndani. Pete ya pili ya nta alilipa kaka.

Mama alisafiri mwezi wa tisa, akakaa kwa dada yake wiki saba. Waya wa kuzibulia uko kwangu Louisville, ndani ya kasha jekundu la zana. Anayeutaka apige simu kabla ya saa tatu usiku, na aurudishe ukiwa umeoshwa.