UZI: Kunguni ni mzigo wa nani, mpangaji au kaunti?

1. Suala hili likizuka, watu hugawanyika pande mbili. Hawa wanasema "ni uchafu wenu", wale wanasema "kaunti ije ipulize dawa". Mimi naona pande zote mbili zinaruka jambo la maana. Twende pole pole.

2. Kunguni si kipimo cha usafi. Anafuata damu na joto la mwili, hafuati takataka. Hana mabawa, kwa hivyo anabebwa: kwenye begi, sofa, godoro la mtumba. Mwaka wa 2023 hata Paris walipiga kelele hizi hizi.

3. Analeta magonjwa? Haijathibitishwa kwamba anaambukiza watu magonjwa jinsi mbu anavyoeneza malaria. Hapo ndipo mwanasiasa anapata mwanya wa kusema si dharura. Lakini muulize mzazi ambaye mtoto wake anajikuna usiku kucha, asubuhi anasinzia darasani. Ngozi ikikunwa sana hufanya vidonda, na aibu inafanya watu wanyamaze. Hiyo pia ni afya.

4. Mbona dawa haishindi? Jike hutaga mamia ya mayai maishani mwake, na dawa nyingi haziui mayai. Tena sehemu nyingi duniani kunguni wamekuwa sugu kwa pairethroidi, dawa zilizojaa madukani. Si mambo mapya: DDT ilionekana kushindwa nao Hawaii mwaka wa 1947. Ukipuliza mara moja ukaacha, pesa imeenda. Joto la nyuzi 60 kwa nguo na matandiko linawaua, pamoja na mayai.

5. Sasa chukua ploti ya vyumba ishirini. Wewe umepuliza, jirani hana pesa. Wanapita kwenye nyufa za ukuta, na baada ya wiki chache mko pale pale. Ndiyo maana hili si jambo la mtu mmoja na chumba chake.

6. Wengine wakichoka wananunua dawa ya shambani na kuipuliza kwenye chumba wanacholala na kupikia. Jamani, hiyo ni sumu. Itaumiza watoto kabla ya kumaliza kunguni.

7. Sheria inasemaje? Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imezipa kaunti huduma za afya za kaunti. Kifungu cha 43 kinatupa haki ya makazi yanayofaa na viwango vya usafi. Na Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inahesabu nyumba iliyojaa wadudu kiasi cha kudhuru afya kuwa kero. Afisa wa afya anaweza kutoa notisi, na kama chanzo ni kasoro ya jengo, notisi inamwendea mwenye nyumba.

8. Kwa hivyo mgombea akikuahidi "tutapuliza mtaa mzima bure", usipige makofi bado. Muulize: mtarudi mara ngapi? Mtapuliza ploti nzima au vyumba vya waliojitokeza? Dawa gani? Wadi hii ina maafisa wangapi wa afya ya umma? Na mwenye nyumba anayekusanya kodi kila mwezi atachangia nini?

9. Akikosa majibu, hiyo ni picha ya kampeni tu. Kwenu ploti hulipa nani, mpangaji au mwenye nyumba? Tuambieni hapo chini.