Kwenda Thimlich Ohinga bila gari lako

Mazungumzo mengi kuhusu utalii wa Migori na Homa Bay huishia kwenye lami. Tangu UNESCO ilipoiingiza Thimlich Ohinga, makazi ya kale yenye maboma ya mawe, katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018, tumeshasikia mara nyingi kwamba barabara ikitengenezwa wageni watamiminika. Lami ina kazi yake, na wakazi wa Nyatike na Ndhiwa wanaistahili hata asipokuja mgeni mmoja. Hata hivyo hoja hiyo ina pengo kubwa. Inamchukulia mgeni kuwa mtu mwenye gari lake, anayefika hadi langoni, akapiga picha, akaondoka. Mtu wa Ogwedhi, wa Awendo au wa Mbita, ambaye urithi huu ni wake kuliko ulivyo wa mtalii yeyote, kwa kawaida hana gari hilo. Yeye hupanda matatu au probox na kumalizia safari kwa pikipiki. Ninachodai ni kwamba mahali hapa pangepaswa kupangwa kwa kumfikiria msafiri huyo kwanza: aje kwa usafiri wa umma, ashuke kabla ya kufika, na kilomita za mwisho azitembee vichakani kwenye njia iliyowekewa alama. Mpango huo utawafaa watu, na utayafaa mawe yenyewe.

Eneo linalolindwa lina hekta 21, kwenye mwinuko wa taratibu yapata kilomita 46 kaskazini-magharibi ya mji wa Migori. Maboma makuu ni manne: Kochieng, Kakuku, Koketch na Kolouch. Watafiti wanakadiria kwamba ujenzi ulianza karne ya 16, na maboma yaliendelea kukaliwa, kuhamwa na kukaliwa tena na jamii mbalimbali hadi karne ya 20. Kuta zina kimo cha mita 1.5 hadi 4.5 na unene wa mita 1 hadi 3, na hakuna saruji wala chokaa iliyotumika kuyashikanisha mawe. Yote yamo katika kupanga. Mafundi walisimamisha uso wa nje na uso wa ndani, kisha katikati wakashindilia mawe madogo hadi pande zote mbili zikashikana, na penye udhaifu wakaongeza mihimili ya mawe ya kuegemea ukuta. Malango ni mafupi na membamba, na juu yake yamelazwa mawe marefu bapa. Mtu mzima hapiti bila kuinama, na aliyeinama hawezi kurusha mkuki. Aliye ndani humwona kichwa kabla yeye hajaona chochote. Mahali hapa pia pana mabaki ya kazi ya kufua chuma, na mwambani kumechongwa vishimo vya bao, mchezo ambao Wajaluo huuita ajua.

Msomaji anayefikiria jumba la kifalme huenda akauliza liko wapi. Pale Gede, kaunti ya Kilifi, lipo: jumba lenye nyua, vyumba na lango la tao, lililofukuliwa na James Kirkman kuanzia mwaka 1948. Thimlich Ohinga haina jumba la namna hiyo. Mamlaka ya waliotawala hapa yanapimwa kwa kitu kingine, yaani uwezo wa kuwakusanya watu wengi kubeba na kupanga mawe kwa muda mrefu ili nyumba, ng'ombe na watoto walale ndani ya ukuta mmoja. Anayetoka Ogwedhi, mpakani na Transmara, kwenye soko la mifugo linalowakutanisha Wajaluo na Wamaasai, hahitaji kufafanuliwa thamani ya ukuta unaowazuia wezi wa ng'ombe usiku. Huyo ni mtazamaji mwenye ujuzi, na ni kosa la mpango kumweka mwisho wa foleni nyuma ya mgeni wa hoteli.

Sababu yangu kubwa ya kusisitiza miguu ni kwamba boma hili linaeleweka kwa kuliendea polepole. Mimea inayolizunguka si msitu mnene kama wa Kakamega. Ni vichaka vya miiba, mikuyu, na miti ya bondo isiyo na majani ya kuonekana, ambayo ukiikata hutoa utomvu mweupe unaounguza ngozi na unaoweza kuumiza macho vibaya. Anayetembea humo huona kwanza mawe yaliyotapakaa ardhini, ambayo ndiyo yaliyowapa mafundi malighafi bila kuyabeba kutoka mbali. Huona jinsi vichaka vinavyomfupishia mtu macho, kwa hiyo hutambua kwa nini wakazi walitaka kuta ndefu na mahali pa mlinzi karibu na lango. Huona pia kwamba mti na ukuta vinaishi katika mapatano magumu. Mzizi unaopenya kati ya mawe huyasukuma polepole mpaka ukuta ukatuna, lakini ukiukata mti ovyo, mzizi unaooza unaacha uwazi na mawe yaliyokuwa yakiuegemea huporomoka. Hekima ya kuhifadhi hapa iko katika kuamua mti upi ubaki, upi upogolewe na upi uondolewe kidogokidogo. Aliyeteremshwa langoni na gari hapati nafasi ya kuona lolote kati ya hayo. Kwake boma ni rundo la mawe lililozungushiwa nyasi fupi.

Sasa usafiri wenyewe. Kutoka Ogwedhi mtu hufika kwanza mjini Migori, kwenye barabara kuu ya Kisii kwenda Isebania. Kutoka hapo huchukua gari la upande wa Macalder, kisha pikipiki. Anayetoka Homa Bay hupitia Rodi Kopany, Mirogi na Ndhiwa. Safari ya kwenda si tatizo kubwa, kwa sababu asubuhi magari hujaa haraka. Tatizo ni kurudi. Gari la vijijini huondoka likijaa, na saa kumi jioni hakuna anayejua litajaa lini. Abiria asiye na uhakika huo hukodi pikipiki ya kumsubiri mchana kutwa, na gharama inakuwa mara kadhaa ya nauli ya kawaida. Kwa hiyo wengi huahirisha, na shule zisizo na basi huahirisha zaidi. Dawa yake si ghali. Kaunti za Migori na Homa Bay zikikubaliana na vyama vya matatu na vya bodaboda kuhusu gari moja la kurudi lenye saa maalumu, hata kama ni Jumamosi na Jumapili tu, pamoja na nauli iliyobandikwa ukutani kwenye steji, msafiri wa mfuko mdogo atakuwa amefunguliwa mlango. Kiasi kinachohitajika hakilingani hata kidogo na gharama ya kilomita moja ya lami.

Pwani inatuonyesha kwamba hili linawezekana. Matatu za Mombasa na Malindi humshusha abiria njia panda ya Gede, na magofu yako umbali wa kutembea, ndani ya kipande cha msitu wa asili uliohifadhiwa pamoja na majengo. Upande wa pili wa barabara kuu uko msitu wa Arabuko-Sokoke wenye njia zake za miguu. Mradi wa Kipepeo ulioanza mwaka 1993 umewawezesha wakulima wanaopakana na msitu huo kufuga na kuuza buu za vipepeo, na kwa hiyo msitu ukawa na watetezi wenye sababu ya mfukoni. Gede iliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024, miaka sita baada ya Thimlich, lakini kwa suala la kufikika na mtu wa kawaida imetangulia mbali. Ni kweli barabara kuu imeisaidia. Lakini barabara kuu haikuchora njia za msituni wala haikuwapa majirani shughuli. Hayo yalifanywa na watu kwa makusudi.

Wapo watakaosema kwamba kumtembeza mtu vichakani Nyatike ni kumtafutia balaa, na hofu hiyo haipaswi kupuuzwa. Bonde la Lambwe, lililo karibu, lilijulikana kwa ndorobo na malale kwa miongo mingi. Hifadhi ya Ruma, yenye kilomita za mraba 120 na swala wa mwisho wa aina ya korongo nchini Kenya, ina nyati na chui, na hakuna anayepaswa kuzurura humo kwa miguu bila askari. Kuzunguka Macalder kuna mashimo ya dhahabu, mengine yaliyoachwa wazi na kufunikwa na nyasi. Lakini Thimlich haimo ndani ya Ruma, na hatari ya mashimo na nyoka ni sababu ya kuwa na njia moja iliyofyekwa, yenye alama za rangi kwenye mawe na kiongozi kutoka kijiji jirani. Si sababu ya kukataza kutembea. Mvua nayo ina ratiba yake. Machi hadi Mei udongo mweusi wa huku hunata kwenye viatu na kukwamisha pikipiki, na karibu na ziwa mawingu hupenda kufunga alasiri. Aanzaye asubuhi, Januari au Julai, ana siku nzuri mbele yake.

Pingamizi zito zaidi ni la wahifadhi. Ukuta usio na saruji hauvumilii kupandwa. Jiwe moja la juu likitikiswa, yaliyo chini hulegea, na mwaka unaofuata kipande kizima kinalala chini. Je, watu wengi zaidi hawataleta uharibifu zaidi? Wataleta, wakiachwa wapite watakapo. Ila mwenye gari naye hupanda ukuta akitaka picha, na kwa kuwa hufika bila kupitia kwa mtu yeyote wa kijijini, hakuna aliyemweleza kitu kabla. Njia ya miguu yenye mahali pamoja pa kuanzia humkutanisha kila mgeni na kiongozi kabla hajauona ukuta. Kaya Kinondo, Kwale, wageni huingia msituni wakiwa na kiongozi na wamejifunga kaniki nyeusi, na hawaruhusiwi kutoka na hata jani. Sharti hilo halijawafukuza wageni. Wazee wa kaya wamelishikilia kwa sababu mwendo wa mgeni uko mikononi mwao, na hapo ndipo ulinzi ulipo. Thimlich, iliyotangazwa kuwa mnara wa kitaifa mwaka 1981 na iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa, ina nguvu ya kisheria ya kuweka masharti kama hayo.

Wengine watauliza kuhusu fedha: si mwenye gari ndiye anayelala hotelini? Huenda. Lakini hoteli hizo ziko Migori, Homa Bay au Kisumu, na shilingi zake hukaa huko. Anayetembea hununua chai na chapati steji, humlipa mwenye pikipiki, humlipa kiongozi, na akichelewa hula samaki Macalder. Ni senti ndogondogo, ila huangukia kwa watu wanaoishi ubavuni mwa kuta.

Na watu hao ni muhimu kwa sababu ambayo hekta 21 zilizohifadhiwa zinaificha. Katika eneo hili la kusini mwa Nyanza watafiti wamehesabu maboma ya mawe 521 katika sehemu 138. Mengi yamo kwenye mashamba ya watu, hayana mlinzi wala kibao, na mawe yake yanang'olewa kidogokidogo kujengea misingi ya nyumba na mazizi. Makumbusho ya Taifa haiwezi kuajiri askari wa kusimama kwenye kila moja, na mwenye shamba hana faida yoyote ya kuacha mstari wa mawe ukate mahindi yake katikati. Njia ya kwanza ikishazoeleka pale Thimlich, ya pili ingeelekezwa kwenye mojawapo ya maboma hayo, baada ya kukaa na wenye ardhi na kuandikiana nao sehemu ya ada ya kiongozi itakayowafikia. Barabara ya gari haitafika kwenye maboma 521. Vijia vya miguu vinavyopita karibu nayo vipo tayari, na watoto wa shule na wachungaji huvitumia kila siku.