Mkufunzi wa Mbali na Jibu la "Salama"

Mnamo tarehe 8 Oktoba mwaka 2023, Kelvin Kiptum alikimbia marathoni ya Chicago kwa saa 2 na sekunde 35, akawa mtu wa kwanza kuyamaliza masafa hayo chini ya saa 2 na dakika 1 katika mashindano rasmi. Miezi minne baadaye, tarehe 11 Februari 2024, yeye na mkufunzi wake, Gervais Hakizimana wa Rwanda, walifariki pamoja katika ajali ya gari upande wa Kaptagat. Mengi yaliandikwa kuhusu wingi wa kilomita alizokimbia kijana yule kila juma. Jambo moja halikutiliwa maanani sana. Hakizimana aliugawa wakati wake baina ya Kenya na Ufaransa, lakini alimjua mwanafunzi wake kwa macho kabla ya kumjua kwa simu. Alimwona tangu utotoni akiwafuata wakimbiaji wakubwa njiani, na maradhi ya Korona yalipoifunga mipaka mwaka 2020, alisalia Kenya, mazoezi wakayafanya pamoja.

Nimeanza na wawili hao kwa makusudi. Siku hizi si ajabu kwa mkimbiaji wa masafa marefu, au mwendesha baiskeli, kufunzwa na mtu ambaye hajapata kumtia machoni. Mkufunzi yuko Eldoret au Ulaya, ilhali mwanafunzi yuko Mombasa au Muscat. Ratiba ya juma zima huja kwa simu na malipo huenda kwa simu. Saa iliyofungwa mkononi humpelekea mkufunzi hesabu ya kilomita, ya mwendo na ya mapigo ya moyo kabla hata jasho la mkimbiaji halijakauka. Kazi ya mkufunzi ni kuisoma hesabu hiyo, kuuliza hali, kisha kuirekebisha ratiba ya juma lijalo. Sina ugomvi na utaratibu huo. Kwa kijana wa pwani, ambako wakufunzi wa mbio ndefu ni adimu, ni neema.

Wala si jambo geni kama inavyodhaniwa. Eliud Kipchoge, alipokuwa kijana huko Nandi mwanzoni mwa karne hii, alimwendea jirani yake Patrick Sang, aliyekuwa ameshinda nishani ya fedha ya mbio za kuruka viunzi na maji katika Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992, akamwomba ratiba ya mazoezi. Sang alimpa ya siku chache. Kijana akaenda kuifuata peke yake, ilipokwisha akarudi kuomba nyingine. Hapo palikuwa na umbali, lakini palikuwa pia na kurudi, kwani kila mara kijana aliuleta mwili wake mwenyewe mbele ya mwalimu. Julius Yego naye (najua, mkuki si mbio) alijifunza kurusha kwa kutazama filamu za warushaji mashuhuri katika intaneti, na mwaka 2015 akawa bingwa wa dunia huko Beijing kwa mtupo wa mita 92.72. Watu hupenda kukomea hapo. Husahau kwamba baina ya filamu hizo na Beijing, Yego alipelekwa Finland akafunzwa na mkufunzi aliyesimama kando yake.

Sasa tuje Marikiti. Jina lenyewe ni funzo dogo la fonolojia: neno la Kiingereza limepokewa kisiwani, likatiwa irabu ili konsonanti zisikae ukiwa, nalo likaishi jirani na "soko" bila ya kugombana. Hapo, ukingoni mwa Mji wa Kale, ninamfahamu kijana mmoja auzaye iliki, bizari na pilipili manga katika kibanda cha mjomba wake. Alikuwa akijiandaa kwa marathoni yake ya kwanza. Kila alfajiri baada ya sala alitoka vichochoroni, akapita Ngomeni, akaishika barabara ya Mama Ngina hadi Likoni, kisha akarejea kufungua kibanda. (Saa yake, kwa jinsi kuta za Mji wa Kale zinavyokaribiana na kuzibabaisha ishara za setilaiti, ilimwonyesha mara kwa mara akipenya sebule za watu.) Mkufunzi wake alikuwa mtu wa nyanda za juu, na hawakuwa wameonana hata siku moja.

Katika juma la nne hivi, kijana alianza kusikia maumivu kwenye muundi wa mguu wa kushoto. Hakuyataja. Kila jioni mkufunzi alimwuliza kwa ujumbe mfupi, "Unaendeleaje?" na kila jioni alijibu, "Salama." Saa nayo ilitoa ushahidi ule ule, maana saa huhesabu mapigo ya moyo lakini haina habari na mfupa. Kilomita zikaongezwa, kama ipasavyo kuongezwa kwa mtu aliye salama. Mwishowe mfupa ukapata ufa, na kijana akakaa miezi akipima iliki huku magongo yake yameegemezwa nyuma ya mizani.

Alinionyesha maandishi yao yote katika simu. Nilipomwuliza kwa nini hakusema, jibu lake lilikuwa la mtu aliyelelewa vyema: "Mwalimu, yule ni mtu mzima. Aniuliza hali, nimwambie mguu waniuma? Si ataona nalalamika?"

Hapa ndipo somo langu na michezo hukutana. Mwanaanthropolojia Bronislaw Malinowski alieleza tangu mwaka 1923 kwamba kuna maneno tusemayo kwa ajili ya kupashana habari, na kuna maneno tusemayo kwa ajili ya kuudumisha ujamaa. Salamu ni za aina ya pili. Katika Kiswahili jambo hili limekazwa mno hata jibu limefungwa ndani ya swali: "hujambo" huzaa "sijambo", na "habari za asubuhi" haina jibu ila "njema". Mgonjwa aliyelazwa hospitalini, ukimwuliza hali, atakujibu "sijambo" au "salama". Hakudanganyi. Anakurudishia salamu yako. Salamu zikishakwisha, ukavuta kiti ukaketi, ndipo ataanza: "Ila usiku sikulala." Hiyo "ila" ndiyo mlango wa habari. Kila mzungumzaji wa lugha hii huujua mlango huo, naye huungojea kwa subira huku akiutazama uso wa mwenziwe.

Ujumbe mfupi wa simu hauna kiti cha kuvuta. Mkufunzi aliuliza, akasalimiwa, akaizima simu. "Ila" haikupata nafasi ya kuzaliwa. Kwa kweli sioni kwamba kijana ndiye peke yake wa kulaumiwa. Mkufunzi aliuliza swali la salamu huku akitaka jibu la tabibu. Angaliuliza, "Asubuhi ulipokanyaga chini mara ya kwanza, palikuwa na mahali panapouma?" asingaliweza kujibiwa "salama", kwa sababu swali hilo halikubali jibu hilo kisarufi wala kiadabu.

Na utajiri wa maneno tunao. Nastaajabu nisikiapo ikisemwa kwamba mambo ya sayansi ya mwili hayasemeki kwa Kiswahili. Kichwa huwanga. Jipu hupwita. Ubavu hupata kichomi pale mtu anapokimbia ameshiba. Mguu hufa ganzi, msuli hukaza, kidonda huchonyota na kikiguswa tena hutoneshwa. Kifundo huteguka. Tafu, yaani shavu la mguu, si sawa na muundi, na muundi si sawa na kisigino. Tofauti hizi si mapambo ya lugha. Msuli uliokaza aghalabu hulegea mtu anapopata joto la kukimbia. Mfupa unaoelekea kupata ufa hufanya kinyume chake: huzidi kuuma kadiri mtu akimbiavyo, huuma mahali pamoja panapoweza kuguswa kwa kidole, na hatimaye huuma hata usiku kitandani. Mkimbiaji awezaye kuandika "panapwita mahali pamoja kwenye muundi, hata nikilala" amempa mkufunzi wa mbali macho. Aandikaye "naumwa kidogo" amempa ukungu.

Kuna na jambo la hari, ambalo mtu wa bara asiyepata kufika kwetu hawezi kulikisia. Iten iko kiasi cha mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi zake ni za baridi. Mombasa ni usawa wa bahari wenyewe. Wakati wa kaskazi hewa hujaa unyevu hata jasho haliwezi kukauka, na jasho lisilokauka halimpozi mtu. Humtiririka tu huku damu ikipelekwa kwenye ngozi badala ya kwenda kwenye misuli. Walimwengu waliliona hilo tarehe 24 Machi mwaka 2007, mashindano ya dunia ya mbio za nyika yalipofanyika kwenye uwanja wa gofu hapa kisiwani. Kenenisa Bekele wa Ethiopia, aliyekuwa hashindiki katika mbio hizo kwa miaka mitano, alijitoa kabla ya kumaliza, na ushindi ukamwendea Zersenay Tadese wa Eritrea. Basi ratiba isemayo "kimbia kilomita moja kwa dakika nne, mbio nyepesi" ni amri mbili tofauti kwa watu wawili, mmoja Iten na mwingine Likoni. Huyu wa Likoni asipolitaja fukuto la asubuhi ile, mkufunzi ataona mapigo ya moyo yamepanda na atadhani mwanafunzi amelegea.

Kwa ajili ya hayo wataalamu wametunga kipimo cha maneno. Gunnar Borg, mwanasaikolojia wa Sweden, alianza katika miaka ya 1960 kuunda ngazi ya namba kutoka 6 hadi 20, ambayo mtu huitumia kueleza jinsi anavyojihisi anapofanya kazi ya mwili. Namba 6 ni kutulia kabisa, na 20 ni mwisho wa nguvu. Aliianza kwenye 6 kwa sababu ukizidisha namba hiyo kwa 10 unakaribia mapigo ya moyo ya kijana mwenye afya. Kando ya baadhi ya namba pameandikwa maneno: 11 ni nyepesi, 13 ni ngumu kiasi, 15 ni ngumu, 17 ni ngumu sana. Kipimo hiki hutumika hospitalini na viwanjani duniani kote, na kwa mkufunzi wa mbali ni kama fimbo kwa kipofu.

Lakini tafsiri hiyo niliyoiandika hapo juu ina kasoro, nayo ndiyo hasa iliyonifanya niishike kalamu. Neno "ngumu" huisifu kazi. Halimsemi mtu. Kijana wa Marikiti akiandika "ilikuwa ngumu sana", kwa masikio yake mwenyewe amemwambia mtu mzima kwamba kazi aliyopewa haifai. Adabu itamshusha kutoka 17 hadi 13, na kipimo kitakuwa kimeharibika kabla hakijaanza kutumika. Ni afadhali tutumie vitenzi vya pumzi, ambavyo nafsi yake ni mkimbiaji mwenyewe. Kwanza mtu hupumua, naye huweza kusimulia hadithi huku akikimbia. Kisha huhema, naye huweza kusema sentensi fupi. Kisha hutweta, na hapo neno moja moja ndilo litokalo. "Nilitweta tangu kilomita ya sita" ni habari tupu. Halimlaumu yeyote.

Wanafunzi wangu walicheka nilipowapeleka Marikiti kuwasikiliza wavuta mikokoteni, lakini walirudi na daftari zilizojaa. Mvuta mkokoteni mwenye mzigo wa wastani hupaza "simileee" na kuiburura irabu ya mwisho hadi watu watawanyike. Mzigo ukimzidi, humtoka "simile" fupi, kavu. Ukimzidi zaidi hapigi ukelele tena, bali mwenzake aliye nyuma ndiye hupiga. Hicho nacho ni kipimo, na hakuna aliyekitafsiri kutoka Kisweden.

Walimu wa michezo mashuleni wanaweza kuanza na daftari la kawaida. Kila mwanafunzi aandike baada ya mbio: pumzi ilikuwaje, ni kiungo gani kilichosema na kilisema nini, hewa ilikuwaje, usingizi wa usiku ulikuwaje. Walimu wa Kiswahili wayasahihishe kama wasahihishavyo insha. Tunafundisha barua rasmi na kumbukumbu za mikutano, ila sijaona darasa lililozoezwa kuutolea mwili wake taarifa. Mwalimu aliyejaribu kufundisha kwa simu shule zilipofungwa mwezi Machi 2020 anajua alivyokosa nyuso za darasa, na jinsi "tumeelewa, mwalimu" ilivyoweza kuficha kila kitu.

Kijana wetu ameanza kukimbia tena, na yule yule mkufunzi. Wamekubaliana kwamba jibu la "salama" lipokewe kama salamu, kisha liulizwe swali la pili. Nami na wanafunzi wangu tumeikamilisha ngazi ya Borg kwa vitenzi, isipokuwa namba 13. Hapo mtu hajafika kuhema, lakini hadithi imeanza kumkatika kinywani. Wazee wawili wa Kibokoni tuliowauliza walitupa maneno mawili tofauti, na kila mmoja akalikataa la mwenziwe. Msomaji aliye nalo neno, hasa mwalimu wa michezo au mvuvi aliyezoea kupiga makasia, na atuletee kupitia kwa mhariri.