Wenzo wa Kuinulia Magogo

Muhula uliopita mwenzetu mmoja aliteguka kiuno akiinua gogo la mkaratusi nyuma ya jiko. Tangu hapo zamu yetu hutumia wenzo. Twaa mti mgumu wa meta 2, uchomeke chini ya gogo, kisha weka jiwe sentimeta 25 kutoka ncha hiyo. Upande wako zimebaki 175, yaani mara 7. Basi uzito wa kilo 70 huinuka kwa nguvu kama ya kilo 10. Ukiinua upande mmoja tu, 5 zatosha. Mwenzako asukume kabari chini yake kwa fimbo, si kwa mkono. Vipande vilivyokatwa huviringishwa juu ya ubao hadi kwenye kisiki kifikacho magoti, ndipo shoka lianze. Jiwe la mviringo huteleza. Kidole changu cha mguu chalijua hilo.