Storm Avae Atakalo, Lakini Kwao ni Wapi?

Huku Sigalagala, Kakamega, nimewakuta vijana wa chuo wakibishania Storm, yule mwanamke wa X-Men anayeamrisha mvua na radi. Ubishi wenyewe: waandishi wana haki gani kumgeuza shujaa aliyezoeleka?

Kwa wasiomjua, Storm alibuniwa na Len Wein na Dave Cockrum mwaka 1975, na mamake ni binti wa ukoo wa kifalme wa Kenya. Mwaka 1983, mwandishi Chris Claremont na mchoraji Paul Smith walimnyoa kiduku, wakamvika mavazi ya ngozi. Wapo waliochukia, leo wengi wanaupenda mtindo ule. Mwaka 2024 akaanza kuandikwa na Murewa Ayodele, Mnigeria, Lucas Werneck akichora.

Kwangu mimi, nywele na nguo si hoja. Hoja ni ile Kenya ya 1975: nyika tupu, wenyeji wakimwabudu msichana ili wapate mvua. Sisi tunajua mvua ni ya Mwenyezi Mungu, hilo halina mjadala. Lakini hata mila za hapa hazikuwa hivyo. Si mbali na hapa, Bunyore, ukoo wa Nganyi husifika kwa mambo ya mvua. Wazee wake husoma upepo, miti na wadudu, na wameshirikiana na Idara ya Hali ya Hewa kutoa utabiri.

Hiyo ni elimu. Anayetaka kumgeuza Storm aanzie hapo, kichwa chake akiache.