Hewa Iliyofungwa Katika Kombe

Wazazi, msidhani kemia yakaa katika chupa za shule tu. Hapa Mchinga, mwambieni mtoto aokote kombe ufukoni, alioshe, aliponde, kisha alikamulie ndimu. Litatoa povu. Hewa hiyo ni ile ile tuitoayo puani. Nayo ilikuwa imefungwa katika kombe.

Wachoma chokaa huifukuza kwa moto. Chokaa ikishajengewa huivuta tena polepole, ikawa jiwe. Ndivyo zilivyoshikamana kuta za Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, ulioanza kujengwa karne ya 11.

Ila chokaa itokayo tanurini, isiyotiwa maji bado, watoto wasiiguse kabisa. Ikikutana na maji huchemka, na ikiingia jichoni yaweza kupofusha. Ndimu yatosha. Wangu wamekwisha nimalizia za mchuzi.